Kilichoziamsha Seli

Wapenzi wengine hutazamana. Mlezi na Taratibu walipendana huku kila mmoja ameukodolea macho ukuta wake. Ndivyo kazi yao ilivyotaka. Katika chumba cha kukuzia seli kulikuwa na makabati mawili ya hewa safi yaliyowekwa ubavu kwa ubavu, na aliyeingiza mikono ndani ya kabati hatakiwi kugeukageuka, maana uzembe kidogo tu huozesha kazi ya wiki nzima. Basi walikaa hivyo, mabega karibu kugusana, glavu mikononi, macho mbele, wakaongea. Wakasimuliana habari za utotoni, wakamteta Profesa, mkuu wa maabara yao, wakacheka hadi pipeti za kudondoshea dawa zikatikisika. Hata siku Taratibu aliposema kwamba anampenda, alisema huku akihesabu matone. Mlezi akamjibu, "Subiri nimalize mstari huu wa matone." Akaumaliza, ndipo naye akasema anampenda.

Hayo hayakuwa majina yao ya vyeti. Mwanamke aliitwa Mlezi kwa sababu kila asubuhi alizisalimu seli zake na kuziuliza zimeamkaje. Taratibu jina lake lilikuja lenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku king'ora cha moto kilipolia.

Alhamisi hiyo Mlezi aliingia, akavaa koti lake jeupe na glavu, akaketi. Taratibu alikuwa ameshakaa mbele ya kabati lake, lakini ndani hamkuwa na kitu. Hapakuwa na chupa wala sahani. Mikono yake aliiweka magotini kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Leo huna kazi?" Mlezi akamuuliza.

"Nimeichemsha," Taratibu akasema.

"Umechemsha nini?"

"Protini yako."

Mlezi alikuwa ameinua pipeti. Akaishusha polepole, akailaza.

Hapo msomaji lazima aelezwe kidogo, la sivyo atadhani watu hawa wanagombania chungu cha jikoni. Mwilini mna seli walaji, makrofaji kwa jina lao la kazini. Hizi humeza kijidudu kinachovamia, hukikatakata, kisha huvionyesha vipande vyake kwa seli T, ambazo ndizo askari wenyewe. Lakini seli T haziendi vitani kwa kuonyeshwa kipande tu. Zinataka na neno la pili, la kuthibitisha kwamba hatari ni ya kweli, na mlaji halitoi neno hilo mpaka vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake viwe vimegusa dalili ya kijidudu. Kipokezi kisipogusa kitu, mlaji hulala. Mlaji akilala, seli T hukipita kile kipande kama vile hazikukiona.

Mlezi alikuwa na walaji, Taratibu alikuwa na seli T, na ndiyo sababu waliwekwa chumba kimoja. Mwaka mzima Mlezi alikuwa akiitengeneza protini ya chanjo mpya, na protini hiyo ilionekana kufanya maajabu. Ilikigusa kipokezi yenyewe, bila kichocheo kingine, walaji wakaamka, na seli T za Taratibu zikaongezeka mpaka zikakosa nafasi kwenye sahani. Jumatatu Profesa angeyatangaza matokeo hayo kwenye mkutano mkubwa. Mwezi uliofuata Mlezi angepanda ndege kwenda ng'ambo kusoma miaka miwili, kwa sababu maabara moja ya huko iliyaona matokeo hayo ikamtaka.

"Uliitoa wapi?" Mlezi aliuliza.

"Ile iliyobaki kwenye kopo. Uliniambia niitupe."

"Nilikwambia uitupe. Sikukwambia uipike."

Siku nyingine wangecheka. Taratibu hakucheka.

"Seli zimeamka vilevile," alisema. "Protini nimeichemsha mpaka imeharibika kabisa, halafu nikawapa walaji. Wameamka kama kawaida."

Hakuhitaji kuendelea. Protini ikichemshwa hufa, kama ute wa yai unavyoganda usirudi tena. Lakini protini hii hutengenezwa kwa kufugwa ndani ya bakteria, na masalia ya ngozi ya bakteria hao hayajali moto. Tena kipokezi kile kile cha mlaji huyatambua hata yakiwa machache kiasi gani. Kama kilichochemshwa bado kinaamsha, basi kinachoamsha si protini. Ni uchafu.

Mlezi akaisukuma pipeti kando.

"Ulianza lini kufanya majaribio nyuma ya mgongo wangu?"

"Jumatatu."

"Jana tumekula pamoja mchana. Umekaa mbele yangu, umemaliza mkate wako wote, kimya."

"Nilikuwa nimeona mara moja. Nilitaka nirudie kwanza nipate uhakika."

"Na mimi? Mimi sikustahili kuona mara ya kwanza? Hizo seli ni za nani?"

"Ni zako. Nimekosa. Nilipaswa kukuita."

Alisema hivyo bila kujitetea, na hilo ndilo lililomkera zaidi Mlezi. Kama angebisha, Mlezi angepata pa kumkamatia. Akatazama kioo cha kabati, akauona uso wa Taratibu umejichora pale hafifu, na macho yale makubwa yenye usingizi ambayo siku zote yalimfanya ajisikie yuko nyumbani. Leo yalimtia hasira.

"Hutaki niende," akasema.

Ilimtoka kwa sauti ya chini. Feni ya kabati iliendelea kuvuma.

"Sitaki uende," Taratibu akajibu. "Tangu barua ya kukuita ije, kila nikiamka nakumbuka kwamba unaondoka. Hilo ni kweli. Na hili la protini nalo ni kweli. Ndiyo maana nimeogopa kukwambia, kwa sababu nilijua utayaweka pamoja."

"Wewe ungekuwa mimi usingeyaweka pamoja?"

Akafikiri kama kawaida yake, bila haraka. "Ningeyaweka," akasema.

"Basi nipishe. Nataka kufanya kazi."

Taratibu akasimama, akavua glavu moja baada ya nyingine, akazitupa kwenye pipa. Mlangoni alisita, akamtazama mgongo. Mlezi alijua anatazamwa, maana shingo ilimwasha, lakini hakugeuka. Mlango ukajifunga wenyewe.

Alirudia jaribio lote peke yake. Akachukua protini mbichi, protini iliyochemshwa, protini aliyoitia dawa ya kunasa uchafu wa bakteria, na maji matupu. Akazibandika chupa alama chini, akafumba macho, akazichanganya, ili asije akajipendelea, kisha akawadondoshea walaji wake kwenye vishimo vya sahani. Akaweka na sahani ya pili yenye walaji wasio na kipokezi kile. Habari za seli T zingechukua siku kadhaa, lakini hakuzihitaji. Mlaji akilala, seli T haina wa kuiambia neno.

Ijumaa mchana akatia rangi. Ukiona kishimo kimegeuka njano, mlaji wake ameamka. Alikaa akiitazama sahani kama mtu anayengoja chai ichemke, na vishimo vikaanza kugeuka kimoja kimoja. Alipozipindua chupa kusoma alama, protini mbichi ilikuwa njano. Iliyochemshwa ilikuwa njano. Iliyotiwa dawa ya kunasa uchafu ilikuwa nyeupe pe, sawa na maji matupu. Na sahani ya pili, ya walaji wasio na kipokezi, haikubadilika hata kishimo kimoja.

Akaketi, akakumbuka. Kopo la kwanza kabisa la protini alilipima uchafu, likawa safi. Kopo hilo lilifanya kazi kidogo mno, kiasi cha kumvunja moyo. Yaliyofuata yalifanya kazi vizuri, kisha vizuri zaidi, na yeye hakuyapima tena, kwa kuwa la kwanza lilikuwa safi na haraka zilimshika. Alidhani mkono wake umekomaa. Alijisifu moyoni, akamsimulia hata mama yake. Kumbe kila kopo lilivyozidi kuchafuka ndivyo lilivyozidi kumpendeza. Akavuta karatasi ya kupangusia mikono, akajifuta uso, akakaa hapo mpaka mhudumu alipokuja kufagia.

Jumamosi alimkuta mama yake sebuleni, miwani puani, akishona vifungo vya koti zito la baridi alilomnunulia kwa safari. Mama alikuwa mwalimu aliyestaafu, na mpaka leo akikutazama juu ya miwani unajikuta unakaa vizuri. Habari za ng'ambo alikwishazifikisha kwa ukoo mzima. Lakini Taratibu, Mama hakumtaka. Mwanamume huyo alikuwa na ndoa iliyovunjika nyuma yake, mke aliondoka, na Mama alikuwa na msimamo wake kwamba mwanamke haachi nyumba yake bure.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Jaribu hili, mabega nayaona makubwa."

"Mama, keti kwanza."

"Nimeketi. Wewe ndiye umesimama."

Mlezi akaketi. Akamweleza yote, tangu kopo la kwanza. Alimweleza kwa maneno ya nyumbani, na Mama hakumkatiza, alishona tu. Alipomaliza, Mama alikata uzi kwa meno.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na yeye."

"Huyo mpole wako?"

"Yeye ndiye aliyegundua."

"Na mkinyamaza wote wawili?"

Mlezi alikuwa amelala na swali hilo usiku kucha, kwa hiyo jibu halikumpa tabu. "Watakaoitengeneza kwa ajili ya watu wataisafisha sawasawa, Mama. Ikisafishwa haifanyi kitu. Mtu atajitolea kuijaribu, atanyoosha mkono achomwe, aende zake nyumbani akijua amefanya jambo la maana. Kumbe amechomwa maji."

Mama akaliweka koti mapajani, akalinyoosha kola kwa kiganja.

"Kwa hiyo safari hakuna."

"Nitamwambia Profesa Jumatatu asubuhi. Baada ya hapo, sijui."

"Amekuzuia," Mama akasema. "Nilijua. Nilimwambia kwa kinywa changu asifanye, na amefanya."

"Ulimwambia lini?"

Mama alivua miwani.

"Alikuja hapa mwezi uliopita, ukiwa kazini. Akakaa hapo ulipokaa wewe. Akaniomba ruhusa ya kuwaleta wazee wake. Nikamwambia, mwanangu anasafiri. Ukimwacha aende zake salama, bila kumwekea mguu njiani, siku atakayorudi njoo na wazee wako, na mimi sitakuwa na neno. Ukimzuia kwa namna yoyote, mlango wangu usiuguse tena. Akaniahidi. Tena nikamkataza kukwambia, maana ungejua, ungenijia juu."

Mwanzoni Mlezi alitaka kweli kumjia juu, maana hakuwa tena mtoto wa kupangiwa mambo yake sebuleni akiwa hayupo. Kisha hasira ile ikampita, likabaki wazo moja tu. Taratibu hakuwa na haja ya kufanya lolote. Angelitupa kopo kama alivyoambiwa. Angemsindikiza uwanja wa ndege, angemngoja, angewaleta wazee wake, akamwoa kwa baraka zote za nyumba hii. Kila alichokitaka alikuwa amekwisha kukipata, alitakiwa kufunga mdomo tu. Na yeye Mlezi alimwambia usoni kwamba amefanya kwa ajili ya kumzuia.

"Amevunja ahadi," Mama akasema.

"Amevunja, Mama."

"Huku akijua nilichomwambia."

"Anajua."

Mama alichukua sindano, akaitazama, akairudisha kwenye kijisanduku bila kutunga uzi.

"Baba yako, Mungu amrehemu, alinipenda," alisema. "Wote wanajua. Lakini katika maisha yetu yote hakuwahi kuniambia neno ambalo sikutaka kulisikia. Mambo ya nyumba yangu mwenyewe nilikuwa nayapata kwa majirani. Nikimuuliza, ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nafurahi, kesho yake naumbuka mbele za watu." Akavaa miwani. "Ulimjibu nini huyo kijana alipokwambia?"

"Nilimfukuza."

"Umenirithi mimi," Mama akasema, akatoa sindano tena, akaitunga uzi, akavuta koti akaendelea kushona, ingawa vifungo vilikuwa vimekwisha.

Jumatatu, kabla maabara haijachangamka, Mlezi aligonga mlango wa Profesa. Alikuwa amebeba sahani yenye vishimo vya njano, kwa kuwa hakuiamini sauti yake. Profesa aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akasoma alama, akauliza maswali mawili. Kisha akaiweka mezani kwa uangalifu.

"Ungeweza kuniambia kesho, baada ya mkutano," akasema.

"Ningeweza, Profesa."

"Ningekuwa nimeshasema mbele ya watu wote. Asante." Akafumba macho kidogo, akionekana mzee ghafla. "Nitawapigia wenye mkutano niwaambie hatuwasilishi. Ila hao wa ng'ambo walikuchagua kwa matokeo haya. Lazima niwaandikie na wao. Sitaki kukudanganya, binti yangu. Usiitegemee ile nafasi."

"Nimeelewa."

"Kopo la kwanza lilikuwa safi?"

"Safi kabisa. Lilifanya kazi kidogo sana."

"Basi anzia hapo," Profesa akasema, na akanyanyua simu.

Taratibu alikuwa chumba cha seli. Safari hii alikuwa anafanya kazi kweli, anazilisha seli T zake. Mlezi hakuvaa glavu wala hakuketi kwenye kabati lake. Alivuta kiti, akakaa karibu na kiwiko chake.

"Nimemwambia," alisema.

Mikono ya Taratibu ikasimama. "Amesemaje?"

"Nafasi imekwenda. Au inakwenda."

Taratibu akafunika chupa zake moja moja, akatoa mikono ndani ya kabati, akazima feni. Chumba kikawa kimya kama ambavyo hakiwi mchana. Akamgeukia.

"Umefurahi?" Mlezi akamuuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

"Hapana. Nilitaka ubaki. Sikutaka ubaki hivi."

"Mama ameniambia ulichomwahidi."

Taratibu akainamisha kichwa. "Ananichukia?"

"Anasema ahadi ile umeivunja, kwa hiyo haipo tena. Anataka nyingine."

"Ipi?"

"Uje Jumapili na wazee wako. Uwaambie mbele ya wajomba zangu unataka nini. Na amesema usije na maneno mazuri, aliyoyasikia yanamtosha."

Taratibu akachukua muda wake. Siku zote kuchukua muda huko kulimchosha Mlezi. Leo alimngojea, akamtazama kila kitu chake, nywele zilizoanza mvi kando ya masikio, alama ya barakoa shavuni, midomo iliyokuwa ikitafuta neno.

"Nitawaambia nataka kukuoa," alisema hatimaye. "Nitawaambia nilikosea kuifanyia majaribio kazi yako nyuma yako, na sitarudia. Na nitawaambia wakikuita tena ng'ambo, hata kama ni kesho yake, utakwenda, na mimi nitakubebea sanduku."

"Na kama hawataniita?"

"Basi tutaanza na kopo la kwanza, lile safi. Nitakusaidia kama utataka. Usipotaka, nitakaa hapa na seli zangu."

"Nilikufukuza," Mlezi akasema. "Nilikusingizia."

"Ulikuwa na sababu."

"Ningekuwa na sababu, ningekuomba msamaha leo? Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu Alhamisi," Taratibu akasema, "ila bado inauma kidogo."

Alimshika mkono, bila glavu. Katika miezi yote ya kukaa bega kwa bega ndani ya chumba kile hawakuwahi kushikana mikono mitupu, na Mlezi akashangaa jinsi mkono wa Taratibu ulivyokuwa na joto. Hapo ndipo kilio kilipomjia. Hakumlilia Taratibu, wala safari. Aliulilia mwaka wake wa kazi, asubuhi zote alizozisalimu zile seli akidhani zinamwitikia, na yale makopo aliyokuwa akiyabeba kwa mikono miwili kama mayai. Taratibu hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia mambo yatakuwa mazuri. Alikaa naye, akamshika, mpaka alipomaliza.